Uzi: Manunuzi ya Krismasi na ofa za Novemba wakati wa korona: duka kubwa, soko la wazi au kuagiza kwa simu?

Nyota_ya_Alfajiri (Nairobi), Alhamisi 19 Novemba 2020, saa 2:10 asubuhi

Wanajukwaa, hamjambo. Black Friday ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 27, na tangu mwezi huu uanze simu yangu haitulii kwa ujumbe wa punguzo la bei. Nyumbani kwangu tunaishi na mama mkwe ambaye ana kisukari na shinikizo la damu, na watoto wanataka nguo za Krismasi kama kila mwaka. Nina mahitaji ya aina tatu: vyakula vya kuweka akiba, nguo za watoto na friji, kwa sababu ile ya zamani imekufa.

Naomba tujadiliane kwa utulivu. Mimi nashikilia kwamba hatari ya msimu huu imo katika msongamano wa watu wanaokimbilia bei nafuu, wala si katika bidhaa zenyewe, na kwa hiyo aliye na mgonjwa nyumbani anapaswa kuagiza kila kitu kwa simu hata kama atalipa zaidi. Mume wangu anaona kwamba ninatia chumvi, na kwamba soko la wazi halina neno. Nyinyi mnasemaje?

MkulimaMstaafu (Nakuru), saa 2:41 asubuhi

Binti yangu, hapo kwenye bidhaa usijidanganye. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwezi Machi ulionyesha kwamba virusi hivi hukaa juu ya plastiki na chuma cha pua hadi saa 72, na juu ya boksi la karatasi hadi saa 24. Mzigo unaoletwa mlangoni umepita katika mikono ya mpakiaji, ya msimamizi wa ghala na ya mwendesha boda. Mimi kila kifurushi hukiacha barazani siku tatu kabla ya kukifungua, na mboga naziosha kwa maji ya chumvi. Ukikimbia watu halafu ukayakumbatia mabokisi, umefanya nini?

AfyaKwanza (Kisumu), saa 3:25 asubuhi

Mzee, shikamoo. Takwimu ulizozitaja ni sahihi, lakini zinahitaji maelezo. Zile saa 72 ni muda ambao chembe za virusi hai ziliweza bado kugunduliwa katika maabara, baada ya watafiti kuweka kiasi kikubwa cha virusi juu ya plastiki. Kiasi chenyewe kilikuwa kimeshuka mno kadiri saa zilivyosonga, na baadhi ya wataalamu, akiwemo Emanuel Goldman aliyeandika katika jarida la Lancet Infectious Diseases mwezi Julai, wanaona kwamba hatari ya kuambukizwa kwa kugusa vitu imekuzwa kupita kiasi. Hakuna anayesema kwamba haiwezekani kabisa. Kinachosemwa ni kwamba njia kuu ni pumzi ya mtu aliye karibu nawe, hasa anapozungumza, anapokohoa au anapoimba.

Kwa hiyo nafanya kazi yangu ya afya ya jamii nikiwaambia watu jambo jepesi: pokea mzigo ukiwa umevaa barakoa, mwache mwendesha boda auweke chini na arudi nyuma hatua mbili, tupa boksi, kisha nawa mikono kwa sabuni sekunde 20. Hapo kifurushi kimekwisha shughulikiwa. Siku tatu za barazani hazina madhara, Mzee, ila nyama haiwezi kuzisubiri. Na mboga zioshe kwa maji safi yanayotiririka. Tafadhali asije mtu akasoma hapa akaanza kuosha nyanya kwa jiki au sabuni, kwa sababu hiyo ni sumu tumboni.

BintiKongowea (Mombasa), saa 4:02 asubuhi

Namuunga mkono mume wa Nyota kwa nusu. Nimelelewa Kongowea, na ninaamini kwamba hewa ya wazi inasaidia kuliko duka lililofungwa madirisha. Lakini nawaomba mtazame jinsi tunavyonunua. Sokoni hakuna bei iliyobandikwa. Bei hupatanwa, na kupatana bei ni kuzungumza, tena katika kelele za wapakuaji mizigo na spika za wauza dawa. Mnunuzi anashusha barakoa hadi kidevuni ili asikike, muuzaji naye anashusha yake ili ajibu, kisha wote wawili wanainamia lile fungu la vitunguu huku nyuso zao zikikaribia kugusana. Wakishakubaliana, ndipo kila mmoja anapandisha barakoa yake na kulipa kwa simu, mbali mbali, kwa adabu kabisa. Nimeliona hilo wiki nzima hii.

Dawa yake, kwa maoni yangu, ni kuwa na muuzaji wako wa kudumu ambaye bei zake unazijua. Unamtumia orodha jioni, anakufungia, asubuhi unapita kuchukua. Mama yangu hivi sasa hanunui kwa njia nyingine.

Mchuuzi_Mwaminifu (Nairobi), saa 5:30 asubuhi

Ninauza mitumba Gikomba, na ningependa upande wetu nao usikike. Mwezi Machi serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba, na tukakaa bila mzigo mpya hadi Agosti ilipoondoa zuio hilo. Karo, kodi ya nyumba na deni la kibanda havikusubiri Agosti. Desemba ndiyo mwezi unaotubeba. Dada Nyota anaposema kila kitu kiagizwe kwa simu, namwomba akumbuke kwamba sisi tusio na tovuti tuna watoto vilevile.

Hata hivyo nakubali kwamba kwenye nguo kuna tatizo, nalo ni kujaribisha. Mama anakuja na watoto watatu, kila mmoja anavishwa sweta nne, na sweta hizo zinarudi kwenye fungu. Nimewaambia wateja wangu waje na kamba: mpime mtoto nyumbani mabega, kiuno na urefu wa mguu, ufunge fundo kila kipimo, uje na kamba peke yako. Tunapima nguo kwa kamba na mtoto anabaki nyumbani. Wengi wanaridhika. Anayetaka zaidi ya hapo namtumia picha kwa WhatsApp.

AfyaKwanza (Kisumu), saa 5:48 asubuhi

Mchuuzi, hongera sana kwa hiyo kamba. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwezi Agosti kwamba watoto wa miaka mitano na chini ya hapo wasilazimishwe kuvaa barakoa, kwa hiyo kumwacha mdogo nyumbani ni bora kuliko kumpeleka sokoni na barakoa atakayoivuta kila dakika.

MwalimuWaFizikia (Machakos), saa 7:15 mchana

Nimesoma michango yote na ninaona kwamba sisi sote tunazungumzia umbali na kusahau hewa. Vitone vikubwa vinavyotoka mdomoni huanguka chini haraka, karibu na mzungumzaji, na ndiyo sababu ya kile kipimo cha mita moja au mita moja na nusu. Lakini chembe ndogo zaidi hazianguki upesi. Huelea, na katika chumba kisichopitisha hewa hujikusanya kadiri watu wanavyozidi na muda unavyopita. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, kilikiri hilo tarehe 5 Oktoba mwaka huu katika maelezo yake mapya.

Chukueni mfano wa mkahawa mmoja wa Guangzhou, Uchina, mwezi Januari. Mteja mmoja aliyekuwa ameambukizwa alikaa kula na jamaa zake, na baadaye watu kumi kwa jumla, akiwemo yeye, wa familia tatu zilizokaa kwenye meza jirani wakagundulika kuwa wameugua. Meza hizo zilikuwa katika mkondo mmoja wa hewa ya kiyoyozi. Wateja wengine waliokuwa ghorofa hiyo hiyo, nje ya mkondo huo, hawakuugua, wala wahudumu. Sasa jiulizeni: duka kubwa la ghorofa ya chini ya ardhi, lisilo na dirisha hata moja, lenye foleni ndefu ya keshia siku ya ofa, hewa yake inabadilishwa mara ngapi kwa saa? Alama za nyayo zilizobandikwa sakafuni haziwezi kutujibu.

Mimi ningempangia Nyota kwa kigezo cha hewa na muda tu. Soko la wazi kwa dakika kumi ni salama kuliko duka kubwa kwa dakika arobaini, hata kama dukani watu wamepangwa vizuri.

BintiKongowea (Mombasa), saa 7:40 mchana

Mwalimu, shikamoo. Mtu anayemaliza Kongowea kwa dakika kumi wiki ya Krismasi sijawahi kumwona, na akipatikana naomba aletwe hapa atufundishe. Hata kutoka stendi hadi kwa wauza nazi ni zaidi ya hapo.

AfyaKwanza (Kisumu), saa 8:05 mchana

Naongeza kwenye hoja ya Mwalimu, kwa tahadhari kidogo. Wataalamu bado wanabishana kuhusu uzito wa chembe zinazoelea ukilinganisha na vitone vya karibu, na hata mkahawa huo wa Guangzhou wapo wanaoueleza kwa vitone vilivyosukumwa na upepo wa kiyoyozi. Bahati nzuri ni kwamba hatua za kujikinga zinafanana. Kuhusu muda, CDC mwezi uliopita ilibadilisha maana ya mtu aliyekaribiana na mgonjwa: sasa ni jumla ya dakika 15 ndani ya saa 24 chini ya futi sita, hata kama dakika hizo zimegawanyika. Hili linamgusa mnunuzi moja kwa moja, kwa sababu dakika tatu kwa muuza viatu, nne kwa muuza unga na tano kwenye foleni zinahesabika pamoja ikiwa ni mtu yule yule aliyekuwa akikufuata nyuma. Keshia naye yuko kwenye hatari kubwa kuliko sisi, kwa sababu sisi tunapita na yeye anabaki.

Kijana_wa_Ilala (Dar es Salaam), saa 9:20 alasiri

Habari zenu ndugu wa Kenya. Huku kwetu hakuna kafyu, na takwimu mpya hatujazipata tangu mwezi Mei, kwa hiyo kila familia inapima yenyewe. Mtaa wa Kongo pale Kariakoo mwezi Desemba mnaujua: ukisimama, umati unakusukuma. Mimi nina duka dogo la nguo za watoto, na ninachowaambia wateja ni kununua sasa. Wakija mwezi huu wanachagua kwa nafasi. Wakisubiri tarehe 20 Desemba wanakutana na jiji zima na bei imepanda juu. Ofa za wiki ya mwisho mara nyingi ni mzigo uliobaki ambao saizi zake hazijakamilika.

Nadhani mjadala wenu umejikita mno kwenye mahali, ilhali wakati una uzito mkubwa zaidi. Duka lile lile ni salama Jumanne asubuhi na ni hatari Jumamosi jioni.

Mkazi_wa_Githurai (Nairobi), saa 12:45 jioni

Kijana wa Ilala amesema kweli, lakini hata yeye ameliruka jambo. Mnazungumzia duka na soko kana kwamba watu huruka angani kufika huko. Mimi ninapanda matatu. Tangu Machi, gari la abiria 14 linatakiwa kubeba 8, na mwanzoni lilizingatiwa. Sasa jioni, ikikaribia saa ya kafyu, mimi mwenyewe nimepakiwa mtu wa pili kwenye kiti kilichotiwa alama ya X, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, na kondakta anapiga kelele bila barakoa nusu mita kutoka usoni pangu. Nauli ilipandishwa kwa sababu ya nafasi zilizoachwa wazi na haikushuka nafasi hizo zilipojazwa.

Safari ya kwenda mjini kutafuta ofa ya shilingi mia tatu inanikalisha ndani ya gari hilo zaidi ya saa moja kwenda na saa moja kurudi. Dukani ninakaa nusu saa. Kwa hesabu hiyo, duka la mtaani ambalo ninalifikia kwa miguu ndilo salama, hata kama ni kibanda chenye giza.

MwalimuWaFizikia (Machakos), saa 1:10 usiku

Hoja nzito hiyo, ndugu. Fungua dirisha hata kama ni sentimita chache, na lile la upande wa pili pia. Ukifungua moja tu, hewa haipiti vizuri.

Mkazi_wa_Githurai (Nairobi), saa 1:22 usiku

Hulifungua, Mwalimu, na abiria wa nyuma huamuru lifungwe.

MjaLeo (Minneapolis, Marekani), Ijumaa 20 Novemba, saa 10:50 alfajiri

Salaam kutoka huku ambako hii Black Friday ilizaliwa. Miaka iliyopita watu walipanga foleni nje ya maduka tangu usiku wa Sikukuu ya Shukrani, wakiwa na mablanketi, na mlango ulipofunguliwa walikanyagana kugombea televisheni. Mwaka huu maduka makubwa kama Walmart na Target yametangaza kwamba hayatafungua kabisa siku ya Shukrani, na ofa zimetawanywa katika mwezi mzima ili watu wasije kwa mkupuo. Amazon ilifanya siku zake za punguzo mwezi Oktoba badala ya Julai. CDC imeweka ununuzi katika maduka yaliyojaa watu, siku za kabla na baada ya sikukuu, katika kundi la mambo yenye hatari kubwa.

Hapa Minnesota gavana ametangaza juzi kwamba kuanzia usiku wa leo migahawa na baa hazitaruhusiwa kukalisha wateja ndani kwa wiki nne, na kumbi za mazoezi zitafungwa. Maduka ya bidhaa yameachwa wazi. Wengine wanalalamika, lakini mantiki yake naiona: dukani mtu anavaa barakoa muda wote, na kwenye mkahawa lazima aivue ili ale.

Njia ambayo wengi wetu tunaitumia ni kulipa mtandaoni, kuendesha gari hadi nje ya duka, kufungua buti kwa ndani na mfanyakazi kuweka mzigo bila kukutana ana kwa ana. Najua si kila mtu huko ana gari, ila wazo la kulipa kabla na kupokelea mlangoni linafanana na lile la mama yake BintiKongowea.

Nyota_ya_Alfajiri (Nairobi), saa 1:30 asubuhi

Asanteni nyote, nimeyasoma kwa makini. Swali la pili: jirani yangu wiki iliyopita aliona friji kwenye ukurasa wa Instagram kwa nusu ya bei ya dukani, akatuma malipo kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na hadi leo hakuna friji wala jibu. Ukurasa umefutwa. Kama kuagiza kwa simu ndiko salama dhidi ya ugonjwa, tunajikingaje na wezi?

WakiliMdogo (Nairobi), saa 3:00 asubuhi

Pole kwa jirani yako. Kesi za namna hii zimeongezeka katika ofisi ninayofanyia kazi, na nyingi zina sura moja: bei ya kushangaza, muda unaodaiwa kuwa unakwisha jioni ile ile, na malipo kwa namba ya mtu badala ya namba ya malipo ya biashara.

Kabla ya kutuma, angalieni jina linalojitokeza kwenye simu na mlilinganishe na jina la duka. Likitofautiana, acheni hapo hapo. Aliyetuma kimakosa anaweza kupeleka ujumbe ule wa M-Pesa kwa 456 kuomba urudishiwe, lakini inabidi awahi, kwa sababu pesa zikishatolewa na mpokeaji hakuna cha kurudisha. Bora zaidi ni muuzaji anayekubali kulipwa mzigo ukifika na ukishakaguliwa. Kwa kitu kama friji, iunganisheni na umeme mkiwa barazani, msikilize inavyonguruma, muone cheti cha dhamana kimepigwa muhuri, ndipo mlipe.

Kuhusu punguzo lenyewe, bei iliyopandishwa Oktoba ili ishushwe Novemba ni udanganyifu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, na Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012 inampa haki ya kudai. Malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Piga picha ya bei leo, ulinganishe siku ya ofa.

MkulimaMstaafu (Nakuru), saa 3:34 asubuhi

Wakili amesema vyema. Nami naongeza kwamba huu ndio mwezi wa kununua vitu vikubwa, kwa sababu VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 1, na nafuu hiyo ni ya muda tu. Isitoshe, kutuma pesa kwa simu ni bure mwaka huu hadi Desemba 31. Nunueni friji, unga na kila kitu.

WakiliMdogo (Nairobi), saa 3:50 asubuhi

Mzee, kwa heshima, kuna marekebisho mawili. Kisicho na ada ni kutuma pesa hadi shilingi 1,000 kwa mara moja. Zaidi ya hapo ada ipo. Kilichopanuliwa kwa wote ni kiwango, kwamba sasa unaweza kutuma hadi 150,000 kwa mara moja na kuhifadhi hadi 300,000. Pili, unga wa mahindi hautozwi VAT, kwa hiyo asilimia mbili hizo hazimhusu mnunuzi wa unga. Kwenye friji zinahusu kweli.

MkulimaMstaafu (Nakuru), saa 4:05 asubuhi

Nimekusikia, mwanangu. Friji basi. Na bado boksi lake litalala barazani.

Shangazi_wa_Kakamega, saa 6:20 mchana

Naona vipimajoto havijatajwa. Kwenye lango la duka moja mjini kwetu, mlinzi anaelekeza ile bastola ya joto kwenye kiganja, anasema 34, ananikaribisha ndani. Mtu mwenye nyuzi 34 ni maiti! Chupa ya sanitaiza iliyo pembeni nayo inanuka manukato badala ya spiriti. Watu wakishapimwa na kupakwa wanaingia wakiamini wamekingwa, na barakoa zinashuka hatua chache baada ya mlango. Nasikitika kusema kwamba pengine tungekuwa waangalifu zaidi kama hivyo vitu havingekuwepo.

AfyaKwanza (Kisumu), saa 7:00 mchana

Shangazi, joto la ngozi ya kiganja hutofautiana na la mwili wa ndani, na vifaa hivyo hupotoka kwa jua na upepo. Tena walioambukizwa bila dalili hawana homa, kwa hiyo wanapita. Hata hivyo sitaki viondolewe, kwa kuwa vinamzuia anayeumwa waziwazi kuingia. Sanitaiza inapaswa kuwa na alikoholi isiyopungua asilimia 60, na chupa iwe na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Mwenye shaka abebe yake. Na vile vibanda vya kupulizia watu dawa mwilini, Shirika la Afya Duniani lilisema tangu Mei kwamba havipendekezwi, kwa sababu dawa hudhuru macho na ngozi na haigusi virusi vilivyo ndani ya mwili.

Mtetezi_wa_Haki (Kisii), saa 9:15 alasiri

Mnawalaumu wanunuzi bure. Wagonjwa waliongezeka Oktoba, kabla ya ofa yoyote, baada ya mikutano ya siasa kuruhusiwa kujaa viwanja na baa kufunguliwa. Rais mwenyewe tarehe 4 Novemba alirefusha kafyu ya saa nne usiku hadi Januari 3 na kusimamisha mikutano hiyo. Mnunuzi wa unga ana kosa gani?

Mkazi_wa_Githurai (Nairobi), saa 9:30 alasiri

Na shule, ambazo baadhi ya madarasa yalirudi tarehe 12 Oktoba. Na matatu, narudia.

Msimamizi wa Jukwaa, saa 9:42 alasiri

Hoja imepokelewa. Masuala ya mikutano ya siasa yana uzi wake. Hapa naomba tubaki kwenye manunuzi.

AfyaKwanza (Kisumu), saa 2:30 usiku

Nitabaki kwenye manunuzi, lakini niseme lililo moyoni. Wiki hii nimezungumza na familia kadhaa zilizoambukizwa, na katika nyingi haikuwezekana kusema kama chanzo kilikuwa duka, gari au kanisa. Kilichokuwa wazi ni jinsi ugonjwa ulivyoenea baada ya kuingia ndani ya nyumba, mezani na vyumbani, ambako hakuna anayevaa barakoa. Mnunuzi anayechoka sokoni tarehe 23 Desemba, kisha akapanda basi la usiku kwenda kwa wazazi, anafika akiwa katika siku ambazo hata yeye hajajua kama ana kitu. Dalili huchukua siku tano au sita kwa kawaida, na zinaweza kufika 14. Kwa hiyo ninapomuunga mkono Kijana wa Ilala kwamba tununue mapema, sababu yangu si bei. Nataka ziwepo wiki mbili kati ya soko na kumkumbatia bibi. Habari za chanjo mwezi huu zimenipa moyo mkubwa, ila Krismasi hii itatukuta bila hiyo.

Nyota_ya_Alfajiri (Nairobi), Jumapili 22 Novemba, saa 11:05 jioni

Nimekaa na mume wangu tukasoma uzi huu pamoja. Vyakula tutachukua kwa muuzaji wa mtaani tunayemjua, kwa orodha ya simu. Friji tutanunua katika duka lenye risiti, Jumanne asubuhi, na bei yake nimeipiga picha leo. Mume wangu bado anasema nguo zinunuliwe kwenye hewa ya wazi, nami bado naogopa ile safari ya matatu. Mchuuzi, unaweza kuleta nguo hadi mtaa wa Umoja?

Mchuuzi_Mwaminifu (Nairobi), saa 11:40 jioni

Naweza, dada, kwa pikipiki ya kijana wangu, naye huvaa barakoa. Nitumie vipimo vya kamba kwa sentimita, rangi unazozipenda, na useme kama sweta ziwe za zipu au za kuvaa kichwani. Utalipa ukishaziona.

MkulimaMstaafu (Nakuru), saa 12:10 jioni

Zikifika, zianike juani kwanza.

AfyaKwanza (Kisumu), saa 12:25 jioni

Mzee, kwa mitumba hapo hatuna ugomvi: zifuliwe kwa sabuni na zianikwe, korona iwepo au isiwepo.